Mdimu wa Vipepeo: Bustani ya Madebe Athi River

Kabla ya kutufikia kwa jina la Sabaki na kuingia baharini kaskazini mwa Malindi, mto Athi hupita katika uwanda mkavu wa Machakos. Hapo ndipo lilipo eneo la viwanda la EPZ, lililotokana na sheria ya mwaka 1990. Humo maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, hushona nguo ziendazo Marekani. Jirani kuna viwanda vya saruji na malori ya barabara ya Mombasa. Mgeni wa pwani aliyezoea kivuli cha mwembe huona vumbi tu, akadhani hapachanui kitu.

Tulipowatembelea jamaa zetu waliopanga vyumba karibu na hapo, tulikuta mlangoni safu ya madebe: mhina, mrehani uliotoa maua, vichaka vya pentasi nyekundu na midimu miwili. Juu yake vipepeo walikuwa wakipishana.

Madebe hayo yana sababu. Udongo mweusi wa Athi River ukilowa hunata na kutuamisha maji. Ukikauka hupasuka na kukata mizizi. Basi wenyeji wetu hutoboa debe chini, huchanganya udongo na mchanga na samadi iliyooza, kisha huliweka penye jua, kwani kipepeo hapendi ubaridi. Maji ya visima huko mara nyingi yana chumvi, na ya kununua ni ghali. Kwa hiyo maji ya udhu hukingwa katika beseni na kumwagiwa mimea jioni. Maua yaliyonyauka hukatwa ili kichaka kichanue tena.

Lakini maua ni nusu ya kazi. Humpa kipepeo mbochi, wala hayamlishi mwanawe. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga mayai juu ya majani machanga ya mdimu au mchungwa. Kiwavi wake mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na akiguswa huchomoza pembe mbili zenye harufu kali. Wengi humwona adui, wakampulizia dawa, kisha wakashangaa kwa nini vipepeo wamepotea.

Mama mwenye nyumba alishauriwa afanye hivyo. Yeye alichagua njia nyingine: mdimu mmoja ni wa jikoni, wa pili ni wa vipepeo. Kila asubuhi, kabla ya zamu ya kiwandani, yeye na watoto huwahamisha viwavi kwa mkono kutoka mti wa kwanza hadi wa pili. Ndimu za mchuzi zipo, na vipepeo wapo.

Hekima hii si ngeni kwetu. Tangu 1993, huko Gede, mradi wa Kipepeo umewawezesha majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke kulea viwavi na kuuza ng'ambo vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda. Kiwavi amekuwa riziki, na msitu umepata watetezi.

Atakayependa kuanza, apande mvua zinapoanza, Machi au Oktoba. Aiepuke lantana: vipepeo huipenda, lakini huenea bila kizuizi na ni sumu kwa mifugo. Na akiona majani yametobolewa, asikimbilie dawa. Huenda mgeni anayemngoja ameshafika.