Mwaka Wangu Katika Kiwanda cha Dawa

Tangu niliporudi likizoni kwetu Murang'a, watu wengi wameniuliza ni kwa sababu gani masomo yangu ya Uingereza yachukua miaka minne, na hali baadhi ya wenzangu wa chuo humaliza kwa mitatu. Wengine walidhani kwamba nilianguka mtihani, na mzee mmoja jirani alifika mpaka nyumbani kumpa baba yangu pole. Basi nimeona yafaa nieleze habari za mwaka huo uliozidi. Mtihani wa chuo sikuanguka, ingawa nilikaribia kuanguka mtihani mwingine ulio mkubwa zaidi.

Katika vyuo vikuu vingi vya Uingereza, mwanafunzi wa sayansi aweza kuchagua kwenda kufanya kazi kiwandani mwaka mzima baada ya mwaka wake wa pili, kisha arudi chuoni kumaliza. Nafasi hiyo hagawiwi. Huitafuta mwenyewe kwa barua na mahojiano, kama mtu yeyote atafutaye kazi. Mimi niliandika barua 23. Nyingi hazikujibiwa, nyingine zilijibiwa kwa maneno matamu ya kunikataa, na moja tu ikaniita. Mwezi wa Septemba nikaanza kazi katika maabara ya kiwanda cha vidonge, katika mji mdogo wa kaskazini wenye mvua nyingi na watu wasemao upesi. Nikapokea mshahara kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na kodi ya chumba nikailipa mwenyewe.

Nilikuwa nikidhani ya kuwa kazi ya kiwanda cha dawa ni kugundua dawa mpya. Walakini siku ya kwanza nilipewa koti jeupe, miwani ya kukinga macho, na kalamu ya wino. Kwa wiki tatu sikuruhusiwa kupima kidonge hata kimoja. Kazi yangu ilikuwa kusoma taratibu za maabara, moja baada ya moja, na kutia sahihi kwamba nimezielewa. Penseli ilikuwa marufuku. Kufuta kulikuwa marufuku. Ukikosea, wapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, ili liendelee kusomeka, kisha waandika lililo sawa kando yake, pamoja na sababu, sahihi na tarehe. Mafundi wa pale walikuwa na msemo wao: jambo lisiloandikwa halikufanyika.

Moyoni nilinung'unika. Nilijiuliza kama nilivuka bahari ili nifundishwe kuandika tarehe.

Hata hivyo nilikumbuka mizani ya kahawa. Baba yangu hupeleka kahawa mbivu kwenye kiwanda cha chama cha ushirika, na kila mara husimama karibu na mizani mpaka karani amalize kuandika kilo zake kitabuni. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini haondoki baada ya kuona mshale. Akanijibu kwamba mizani yaweza kusema kweli, na kalamu ikasema uongo.

Baada ya wiki hizo nilifundishwa kupima jinsi kidonge kinavyoyeyuka. Msomaji asidhani kwamba ni jambo dogo. Kidonge chaweza kuwa na dawa kamili ndani yake, lakini kisipoyeyuka tumboni kwa wakati wake, hakimfai mgonjwa, kama vile kokoto isivyomfaa mwenye njaa. Kwa hiyo kuna mashine yenye mitungi sita ya kioo. Katika kila mtungi hutiwa mililita 900 za maji yaliyotengenezwa maalum, yenye joto la nyuzi 37, yaani joto la mwili wa mtu. Kidonge kimoja hutumbukizwa katika kila mtungi, na kafi ndogo huzunguka ndani yake mara 50 kwa dakika. Kwa dawa tuliyokuwa tukiipima, ambayo ni ile ya kutuliza maumivu na homa iitwayo parasetamoli, ilikupasa kuchota maji ya mtungi dakika ya 30 kamili, kuyachuja, na kuyapima. Tofauti iliyoruhusiwa ilikuwa sekunde 36 tu.

Siku moja ya Januari nilikuwa peke yangu kwenye mashine hiyo. Mtungi wa kwanza hadi wa nne nilichota vizuri. Nilipofika wa tano, chujio likaziba. Nikatafuta jingine, nikaliangusha, nikatafuta tena. Hata nilipomaliza mtungi wa sita, saa ya ukutani ilionyesha dakika ya 34. Nami nikachukua kalamu, nikaandika dakika 30 kwa mitungi yote sita.

Sitafuti udhuru, lakini nitaeleza yaliyokuwa moyoni. Kipimo hicho kilichukua nusu ya siku, na mkupuo huo wa vidonge ulikuwa ukingojewa ili upelekwe ghalani. Tena mimi nilikuwa Mwafrika pekee katika chumba kile, nami sikutaka mtu aseme kwamba yule wa Kenya ameshindwa na kazi ya kuchota maji. Majibu yalipotoka yalikuwa mazuri. Hakuna aliyeniona. Nikafunga daftari nikaenda zangu.

Usiku ule sikulala. Nilimfikiria bibi yangu, mama yake baba, ambaye huumwa na magoti. Yeye hununua vidonge vya namna ile ile dukani, viwili viwili, na kuvifunga katika pembe ya leso yake. Hajui kusoma. Hawezi kujua kilichoandikwa juu ya pakiti, sembuse kilichoandikwa katika daftari la maabara. Anameza tu, kwa kuwa anaamini kwamba mahali fulani kuna mtu aliyeangalia. Nami ndiye niliyekuwa mtu huyo.

Asubuhi nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi. Alikuwa mama wa makamo, mpole lakini mkali wa macho. Desturi yao ni kuitana kwa jina la kwanza, mkubwa kwa mdogo, nami niliyelelewa kumwita mtu wa umri wake Mama nilikuwa nikipata taabu kila siku. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama.

Akaniuliza, "Ni mitungi ipi?"

"Wa tano na wa sita."

"Na daftari lasemaje?"

"Lasema uongo. Niliuandika mimi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi keti hapa, uandike kweli."

Hakunipigia kelele, ila hakunihurumia pia. Kipimo changu kilibatilishwa, taarifa ya kosa ikaandikwa kwa jina langu, na kwa wiki mbili nikaondolewa kwenye mashine ili nifundishwe upya kama mgeni. Aibu niliyoiogopa ilinipata yote.

Tulipokuwa tukiandika, alinikumbusha habari ya Marekani ya mwaka 1937. Kampuni moja ilitengeneza dawa ya maji kwa kuyeyusha salfa katika kimiminiko kitamu. Waliangalia rangi yake, ladha yake na harufu yake. Hawakuangalia kama yaua. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi, na mwaka uliofuata sheria mpya ikatungwa. Wala mtu asiseme kwamba hayo ni ya kale. Mwaka 2022, nchini Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa maradhi ya figo, na Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba sumu ya jamii hiyo hiyo imeonekana katika dawa nne za maji za watoto. Kipimo cha kuitambua sumu hiyo kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kukifanya na kuandika alichokiona.

Mwenzangu mmoja akapima mkupuo ule upya. Safari hii vidonge viwili vilikuwa chini kidogo ya kiwango cha kwanza, na kwa hiyo, kama sheria itakavyo, vikapimwa vingine sita, na hesabu ya vyote 12 ikachukuliwa pamoja. Mkupuo ukapita. Kwa hiyo uongo wangu haungemdhuru mtu. Lakini jambo hilo lilijulikana baada ya kupima. Siku niliyoandika dakika 30, mimi sikulijua.

Miezi iliyobaki nilifanya kazi katika chumba cha kutunzia dawa zinazojaribiwa kwa joto. Humo mna makabati yanayowekwa nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, na dawa hukaa humo miezi sita ili ionekane kama zitaharibika. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni kuliko Mombasa mwezi wa Machi, nikazikumbuka nyumba zetu za bati saa nane ya mchana. Basi nawaomba ndugu zangu, msiweke dawa karibu na bati, wala dirishani, wala juu ya meko. Angalieni tarehe ya mwisho kabla ya kununua. Na dawa mnayoitilia shaka, itunzeni na pakiti yake, kwa kuwa nambari ya mkupuo iliyopigwa chapa juu yake ndiyo inayowezesha kosa kufuatwa mpaka kiwandani. Ipelekeni kwa mwenye duka la dawa au hospitali, ili habari ifike kwa Bodi ya Madawa na Sumu.

Tena nasema na makarani wenzangu, maana sasa najihesabu miongoni mwao. Aandikaye kilo za kahawa, lita za maziwa, au siku mboga zilipopigwa dawa ya wadudu, naye anameshwa na watu asiowajua. Watakula, watakunywa, na watalipwa kwa kuiamini kalamu yake.

Jioni moja nilimsimulia baba habari hizi, pamoja na ile ya dakika 30 ambayo sikupenda kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akacheka, akasema, "Kumbe nilikupeleka Ulaya ukajifunze kazi ya karani wa mizani."

Nikamjibu, "Ndiyo, baba."