Basi raha, boti roho juu

Msomaji wangu, ukitaka kuijua Uturuki achana na ndege. Mie nilipanda basi la usiku pale Istanbul. Ndani, kijana wa basi anapita kiti hadi kiti akitumiminia marashi ya limau viganjani. Raha ya bure hiyo!

Asubuhi tukashuka Selçuk, jirani na Efeso, ile ile ya Mtume Paulo. Ukumbi wake uliochongwa kilimani ulimeza watu kama 25,000. Nikateremka barabara ya mawe kuelekea bandarini. Bandari gani, jamani? Majani matupu! Tope la mto limeisukuma bahari kilomita kadhaa, na mji ulioishi kwa meli ukafa taratibu.

Boti nikaifuata Kuşadası, niende Samos, kisiwa cha Ugiriki. Penye wembamba, maji hayazidi kilomita 2. Wazungu walipita wakicheka. Pasi yangu ya Bongo ikageuzwageuzwa, viza ikamulikwa taa, foleni ikaanza kuguna. Nikawakumbuka wakimbizi wa mwaka 2015, waliovuka huku usiku kwa boti za mpira, wengine wasifike.

Muhuri ukagongwa, kwa! Nikapanda, nikakaa nje kwenye upepo, sina hamu ya stori na mtu.