Kuachwa nje ya duara

Uskoti, msimu wa bendi za zumari za mfuko huanza Mei, na mashindano ya dunia ni Glasgow, Agosti. Lakini kazi yenyewe, wasee, hufanywa kwenye baridi. Miezi mizima wapulizaji wanazunguka meza na kifilimbi cha mazoezi kisicho na mfuko, wapiga ngoma wakigonga vibao vya raba. Nyimbo zote ziingie kichwani, kwa sababu uwanjani hakuna karatasi.

Halafu kulinganisha sauti. Hapo ndipo kuna noma. Kiongozi anapita kwa kila mtu, anabandika teipu kwenye tundu la zumari, anasikiza, anaisogeza kidogo, anasikiza tena. Kila zumari lina mirija mitatu inayonguruma. Sasa weka wapulizaji ishirini hivi. Mmoja akichelewa kunyamaza mwishoni, majaji wamesikia, na ile kazi ya baridi yote ilikuwa ya dakika 5 hadi 7 tu.

Ndiyo maana kiongozi hukata watu. Umekuja mazoezi yote na bado unaambiwa utatazama ukiwa kando. Wengine wataita roho mbaya. Mimi naona ni haki, bora uambiwe mapema, tena uso kwa uso.

Chaneli yetu tuko watatu. Mmoja, beste yangu tangu kabla niache chuo, anafika kurekodi hajasoma skripti. Msimu mpya unaanza mwezi ujao. Nimemwambia tukutane leo jioni, maana hii si ya kutuma kwa simu.