Waya mmoja niliokata kwenye Subaru yangu

Najua nimepotea kwa muda mrefu. Mara ya mwisho nilikuwa nikieleza habari za hifadhidata, nikaahidi sehemu ya pili. Itakuja, msijali. Leo hebu tuongee juu ya gari. Msiondoke! Hii pia ni habari ya kompyuta, ila kompyuta yenyewe ina matope.

Gari langu ni Subaru Forester ya mwaka 2004, injini ya lita 2 isiyo na tabo, gia nne za kujibadilisha zenyewe. Iliingia nchini 2011, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na mimi ni mwenye gari wa nne. Wanaoishi Uthiru wanajua kwamba huku Subaru ni kama kuku, kila ploti ina mbili na moja haiwaki. Yangu huwaka. Kila siku hunipeleka kazini kwa Waiyaki Way, na mara mbili kwa mwezi hunipeleka kwa wazazi Njabini, kule Kinangop. Kutoka lami hadi boma letu ni kilomita tatu za udongo, na kuna mteremko mmoja ambao mvua ikinyesha huwa kama sabuni.

Mkasa ulianzia kwenye mteremko huo. Aprili 2024, mnakumbuka ile mvua iliyofurika nchi nzima, baba alikuwa na miadi ya kliniki ya macho huko Kikuyu. Jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu. Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili tufike mapema. Mita mia nne tu, gari likakwama tukipanda. Magurudumu ya mbele yalizunguka bure, kisha ya nyuma yakasukuma kidogo, kisha yakaacha. Mbele tena, nyuma kidogo, kuacha. Hadi vijana wanne na trekta la jirani walipotutoa, saa ya miadi ilikuwa imepita. Tukapewa tarehe nyingine.

Baba zamani alikuwa dereva wa Land Rover ya chama cha ushirika, zile za Series zenye kirungu cha manjano. Aliniambia, bila ubaya wowote, "Sisi tulikuwa tunasukuma kirungu chini, biashara imekwisha. Hili lako lina kompyuta na bado linafikiria?"

Maneno hayo yaliniuma. Mimi ndiye mtoto aliyesomea kompyuta!

Kompyuta inafikiria nini?

Nikarudi Uthiru nikaanza kusoma. Nitaeleza kwa ufupi.

Katika Forester ya gia za kujibadilisha kama yangu, magurudumu ya mbele yameunganishwa na giaboksi wakati wote. Ya nyuma hupata nguvu kupitia klachi ya sahani nyingi iliyomo ndani ya giaboksi. Sahani zikibanwa sana, nyuma hupata nguvu nyingi. Zikilegezwa, nyuma hupata kidogo. Kinachozibana ni presha ya mafuta, na presha hiyo hupunguzwa na solenoidi, yaani kijivali kinachofunguliwa kwa umeme.

Sasa kompyuta ya giaboksi huipigia solenoidi hiyo mapigo ya umeme, makumi kwa kila sekunde. Mapigo yakiwa marefu, presha hushuka na klachi hulegea. Yakiwa mafupi, klachi hubana. Kompyuta huamua urefu wa mapigo kwa kuangalia mwendo, gia uliyoko, umekanyaga mafuta kiasi gani, na kama magurudumu ya mbele yanazunguka haraka kuliko ya nyuma.

Kwa hiyo ile hali ya kusukuma na kuacha niliyoiona matopeni ilikuwa programu ikifanya kazi yake. Inangoja mbele iteleze, inabana nyuma, ikiona utelezi umekwisha inalegeza, na mambo yanaanza upya. Kwenye lami yenye maji hiyo ni sawa kabisa. Kwenye mteremko wa Njabini, kila inapolegeza unapoteza ule mwendo mdogo uliokuwa umepata.

Halafu nikagundua jambo lililonifurahisha kupita kiasi. Solenoidi isipopata umeme kabisa, klachi hubana yote. Yaani wahandisi wa Subaru walipanga kwamba waya ukikatika, gari libaki na magurudumu yote manne. Kinyume chake pia kipo. Chini ya boneti kuna kikao kitupu cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Ukitia fyuzi pale, solenoidi hupata umeme wakati wote, nyuma hukatwa, na taa huwaka kwenye dashibodi kukujulisha. Ni kwa ajili ya mambo kama kuendesha na tairi la akiba lisilolingana na mengine.

Kwa hiyo kirungu cha manjano cha baba kilikuwepo ndani ya gari langu siku zote. Kilihitaji swichi moja tu.

Toleo la kwanza

Jumamosi moja nilishuka mjini, Luthuli Avenue, nikanunua swichi ya kupindua, waya na rezista. Rezista ni ya nini? Nilijaribu kwanza kukata waya tu, na kompyuta ikagundua kwamba solenoidi haipo. Taa ya joto la mafuta ya giaboksi ikaanza kuwaka na kuzima kila nikiwasha gari. Ilibidi kuidanganya. Nilipima solenoidi kwa multimita nikapata ohm 12 na kitu. Kwa volti 14 za gari likiwa linanguruma, hiyo ni kama wati 16 za joto, kwa hiyo nikachukua rezista ya ohm 12 yenye uwezo wa wati 25. Swichi ikielekea juu, kompyuta inazungumza na solenoidi. Ikielekea chini, kompyuta inazungumza na rezista ikidhani ni solenoidi, na solenoidi yenyewe haipati chochote.

Kazi ilichukua alasiri moja nikiwa nimelala kichwa chini miguu juu chini ya dashibodi. Wikendi iliyofuata nilipanda ule mteremko kama mtu anayepanda ngazi. Nilishuka nikaupanda tena, bila sababu, ili jirani mwenye trekta anione.

Nilikuwa na furaha kama ile ya programu inayokubali mara ya kwanza. Na nyinyi mnaoandika programu mnajua furaha hiyo humaanisha nini.

Novemba 2024

Siku ya miadi mpya ilifika, na mvua za vuli nazo zilifika. Alfajiri nilipindua swichi chini, tukapanda mteremko bila shida, baba akacheka. Tukaingia lami, tukapita Flyover, tukashika barabara kuu kuelekea Limuru. Tulikuwa tunaongea habari za ng'ombe. Swichi niliisahau chini.

Karibu na Rironi lori lililokuwa mbele yetu likasimama ghafla. Barabara ilikuwa na maji. Nilikanyaga breki, nikasikia ABS ikigonga mguuni, lakini haikuwa mgongo ule niliouzoea. Gari lilitetemeka lote, nyuma ikaanza kwenda kando. Nikalegeza, nikakanyaga tena, tukasimama tukiwa tumekaa mshazari, pua yetu ikiwa mita moja hivi kutoka chuma cha lori. Nyuma yetu matatu ikapiga honi ndefu ikatupita.

Baba alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Baada ya muda akauliza, "Si ulisema hili lina kompyuta? Haijui kwamba tumeshatoka kwenye matope?"

Sikuwa na la kumjibu. Kompyuta ilijua. Ilikuwa imejua tangu Njabini, na tangu Njabini ilikuwa ikisema "legeza, legeza" kwa rezista ya Luthuli Avenue.

Tulifika kliniki salama. Nilipokunja kuingia maegesho, gari likaguna na kurukaruka kama punda aliyekataa mzigo. Ndipo nikatazama chini nikaiona swichi.

Kwa nini huwezi kufunga magurudumu kwenye lami

Gari likipiga kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwa hiyo lazima mbele izunguke zaidi. Klachi ikiwa imebanwa yote, mbele na nyuma hulazimishwa kuzunguka sawasawa. Kwenye udongo tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo huisha. Kwenye lami kavu tairi haikubali kuteleza, kwa hiyo mkazo hujijenga ndani ya chuma mpaka kitu kiachie.

Kwenye breki ni vilevile. ABS husoma kila gurudumu na kulegeza lile linalotaka kujifunga. Ukiunganisha mbele na nyuma, gurudumu moja huvuta jingine, na ABS hufanya kazi kwa habari zilizochanganyika.

Gari nililipeleka kwa fundi wangu hapa Uthiru. Alilizungusha mara mbili uwanjani, akainama chini ya dashibodi, akavuta nyaya zangu kwa kidole. "Injinia, hii ni wewe ulifanya?"

"Ni mimi, fundi."

"Imefungwa vizuri. Lakini umeweka mlango ukasahau kuweka bawaba."

Sahani za klachi zilikuwa zimeanza kuungua. Gharama, pamoja na mafuta mapya, ilikuwa Sh38,000. Hiyo ndiyo bei ya kusahau swichi kwa safari moja ya lami.

Toleo la pili

Usiku huo nilisoma jinsi wengine walivyofanya. Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2005, ina kitufe cha kufunga magurudumu manne kutoka kiwandani. Lakini kitufe hicho hujiachia chenyewe gari likivuka kilomita 40 kwa saa, na pia hujiachia ukikanyaga breki. Masharti mawili tu, na yote mawili yalikuwa yametuhusu pale Rironi.

Hata baba na Land Rover yake alikuwa na ulinzi. Lile gari lilikuwa na kelele na uzito ambao haukukuruhusu kusahau, na yeye mwenyewe alifundishwa kwamba ukifika lami unatoa. Mimi nilichukua kirungu nikaacha mafunzo.

Kwa hiyo mapema 2025 nilianza upya, safari hii nikiandika masharti kwanza na kugusa waya mwisho:

1. Kitufe ni cha kubonyeza, si cha kupindua. Ukizima gari, kila kitu kinarudi kawaida.
2. Ukivuka kilomita 30 kwa saa, kufuli inaachia.
3. Ukikanyaga breki, kufuli inaachia.
4. Kifaa changu kikifa, kompyuta ya gari irudishiwe waya wake.

Hilo la nne ndilo lililonichukua muda. Nilitumia Arduino Nano na rilei, na rilei nikaiunganisha ili ikiwa haina umeme, waya uwe umeungana kama ulivyotoka kiwandani. Yaani kufunga kunahitaji kifaa kiwe hai na kiendelee kusema "funga". Kikinyamaza, mwenye gari ni kompyuta ya Subaru.

Mwendo nilisoma kutoka waya wa spidomita. Kipimo cha magari mengi ya Kijapani ni mizunguko 637 kwa dakika kwa kilomita 60 kwa saa, mapigo 4 kila mzunguko. Piga hesabu: kwa kilomita 30 unapata mapigo kama 21 kwa sekunde. Breki nilisoma kutoka waya wa taa za nyuma. Programu yote ni mistari 70 hivi, na zaidi ya nusu yake ni kuachia. Kufunga ni mistari mitatu.

Nilijaribu Jumapili kwenye kiwanja cha udongo. Nilichomoa Arduino makusudi gari likiwa limefungwa. Nilichomoa waya wa spidomita, na hapo nikagundua mdudu: bila mapigo programu ilidhani gari limesimama, kwa hiyo ikaendelea kufunga! Sasa kufuli ina muda wa dakika mbili tu, ikitaka zaidi bonyeza tena.

Angalizo: usiniigize hivihivi. Nyaya za gari lako huenda zisilingane na zangu, na kampuni ya bima inataka kuambiwa gari likibadilishwa. Mimi niliwaambia.

Aprili 2025 nilimpeleka baba kliniki kwa mara nyingine. Jicho lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji, tulikuwa tunaenda kuangaliwa tu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilibonyeza kitufe, tukapanda mteremko polepole, tukaingia lami, nikaongeza mwendo. Chini ya dashibodi rilei ikalia, tk.

Baba aligeuka. Siku hizi anaona vizuri, lakini masikio yake hayajawahi kuwa na shida.

"Ni nini hiyo?"

"Imeachia, baba."

"Wewe umegusa?"

"Sijagusa."

Akatikisa kichwa, akarudi kutazama barabara. "Sasa imejua," akasema.

Haya, kwa leo naishia hapo. Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja wiki ijayo, Mungu akipenda.