F1 Kwanza, Ujuaji Baadaye
Wasee, hii ilinipata wiki ya kwanza kazini. Seva ilikuwa inajikokota, bosi akasema, "Kijana, fungua htop uone ni nini inakula memori."

Nikaona: ni databesi. Nikitaka kutoka, badala ya F10 kidole kikaangukia F9. Menyu ikatokea kando, nikabonyeza Enter ili iniondokee. Kumbe nimeua databesi! Wateja wako kwa laini, mimi natokwa jasho.

Esc tu ingeniokoa. Na F1 ingenionyesha mapema: F9 huua, F10 hutoka. Lakini niliona aibu kusoma msaada bosi akiwa nyuma yangu.

Siku hizi nikifungua programu nisiyoijua, naanza na F1. Afadhali uonekane mgeni kuliko kuelezea bosi mbona kila kitu kimezima.