Kipande Kifupi cha Harusi ya Mvumi

Kosa hili ni langu, si la kompyuta. Mama mmoja wa Mvumi aliniletea DVD ya harusi ya binti yake dukani kwangu, hapa Dodoma mjini, akaomba niihamishie kwenye flashi kwa sababu deki yake ilikuwa imekufa. "Nitolee picha yenyewe tu, mwanangu," akasema. "Yale matangazo ya mwanzo siyataki." Kazi za namna hiyo nilishazizoea, na mazoea ndiyo yaliyoniponza.

Ukifungua DVD kwenye kompyuta unakuta folda ya VIDEO_TS. Humo mna mafaili ya VOB yenye picha na sauti, yaliyokatwa ili kila moja lisizidi gigabaiti 1, pamoja na mafaili madogo ya IFO yanayoielekeza deki ianze na kipi na imalizie na kipi. Diski moja huweza kubeba vipande kadhaa vinavyojitegemea: menyu, tangazo la mpiga video, picha za mnato zenye muziki, na filamu. Programu nyingi za kubana video zinaweza kukuchagulia filamu kuu peke yake, na kwa kawaida kipimo chake ni urefu: kipande kirefu kuliko vyote ndicho filamu. Kwa filamu za dukani njia hiyo mara nyingi haikosei. Diski ya familia ni jambo jingine kabisa, na hilo nilipaswa kulijua.

Nilibonyeza. Ikatoka sherehe ya ukumbini: keki, zawadi, MC, watu wanacheza kwaito. Nikaibana kuwa MP4, nikatazama mwanzo, nikarukia katikati, nikaona sauti inaenda sawa na midomo. Nikamkabidhi, akanilipa. Kisha nikamwambia neno ambalo hata hakuniuliza: "Mama, hiyo DVD haina kazi tena."

Ilikuwa na kazi. Mwishoni mwake kulikuwa na kipande kifupi ambacho sikukifungua kabisa, cha siku ya mahari kijijini. Mzee wa ukoo anasimama uani, anaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", halafu anataja ng'ombe mmoja mmoja na ndugu atakayempokea. Kwa Wagogo ng'ombe wa mahari si mali ya baba wa binti peke yake. Ndugu wa upande wa baba na wa upande wa mama wana fungu lao, na anayetaja mgao mbele ya watu anaweka ushahidi wa ukoo mzima.

Mzee alipofariki, mama alirudi na flashi mkononi. "Maneno ya mzee yako wapi?"

Diski walikuwa wanaichezea watoto. DVD husomwa kuanzia ndani kwenda nje, hivyo diski ikijaa, kilichoandikwa mwisho hukaa karibu na ukingo, penye vidole na mchanga. Niliisoma polepole kwa programu inayorudiarudia sehemu mbovu. Maamkizi yalitoka safi, kisha picha ikaanza kuganda na majina kukatikakatika. Mpiga video naye alikuwa ameshafuta kazi zake za zamani.

Nilimweleza mama yote, pamoja na hili lililoniuma zaidi: kwamba nilimruhusu kuitupa diski ambayo sikuwa nimeitazama yote. Nilimrudishia fedha yake. Siku hizi nanakili diski nzima kwanza, hata ikijaa gigabaiti zake 4.7, ndipo nafungua kila kipande mwenye diski akiwa ameketi pembeni yangu, na yeye ndiye anayeniambia filamu kuu ni ipi.

Mama akija mjini hupitia dukani, tukasikiliza kilichosalia. Yeye hulitambua jina kwa silabi moja au mbili, mimi naandika. Ng'ombe wa mjomba tumempata. Wa upande wa shangazi bado, na amesema mara nyingine atakuja na wifi yake, aliyekuwepo siku ile.