Dolores Hart, Mchezaji wa Sinema Aliyeingia Utawa

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: msichana yule ameingia utawa kwa kuwa amekosa bwana, au amekosa kazi. Tuangalie basi maisha ya Dolores Hart, Mwamerika, ambaye hakukosa hata kimoja.

Alizaliwa Chicago mwaka 1938. Wazazi wake waliachana, naye akakaa siku nyingi kwa babu na bibi. Babu huyo alikuwa mwendesha mashine katika nyumba ya sinema. Mtoto aliketi kando yake akitazama picha bila sauti, ili mzee apate usingizi kidogo. Mkanda ulipokaribia kwisha, alimwamsha. Alisoma shule ya Wakatoliki, na alipopata miaka kumi hivi akaingia Eklezia.

Mwaka 1957, akiwa bado kijana kabisa, alicheza filamu pamoja na Elvis Presley, mwimbaji aliyetia wazimu vijana wa nchi nyingi. Katika miaka michache alicheza filamu kumi. Mwaka 1959 alikuwa akicheza katika teatro ya New York, na kwa kuchoka sana akaenda kupumzika katika monasteri ya Regina Laudis, kwa Masista Wabenediktini wa Connecticut. Akapapenda. Lakini alipouliza habari ya kuingia, Mama Mkuu alimrudisha kwenye sinema zake, kwani alikuwa mdogo mno. Tunamsifu mama huyo: hakukimbilia kuvua samaki mkubwa.

Baadaye alikwenda Italia kucheza nafasi ya Mtakatifu Klara katika filamu ya Fransisko wa Asizi, iliyotoka mwaka 1961. Huko Roma alionana na Papa Yoane XXIII. Papa akamwita Klara. Yeye akaeleza kwamba ni mchezaji tu, jina lake Dolores; Papa akarudia: wewe ni Klara.

Mchumba wake alikuwa Don Robinson, mtu wa Los Angeles, Mkatoliki mwema. Arusi ilikuwa ikitayarishwa. Yeye aliona kwamba moyo wa Dolores hauko hapo, akamwuliza, na Dolores akasema kweli. Mwezi wa sita mwaka 1963, akiwa na miaka 24, aliingia monasterini. Wengine walisema amekimbia uovu wa Hollywood. Sisi hatuamini hivyo, kwa maana mwenyewe alisema kwamba kazi ile aliipenda. Nasi wazazi tuliolia siku binti zetu walipoondoka kwenda unovisi, tunajua sadaka hiyo hailipwi na mmoja peke yake.

Miaka ya kwanza ilikuwa migumu kwake. Masista wale huimba sala kwa Kilatini mchana na usiku, tena hulima na kufuga ng'ombe. Alifunga nadhiri za daima mwaka 1970. Toka 2001 hadi 2015 alikuwa priora. Akasaidia pia kujenga teatro ya uwanjani penye monasteri. Mwaka 2012 filamu fupi juu ya maisha yake ilitajwa kati ya zile zinazogombea tuzo ya Oscar, akarudi Hollywood amevaa kanzu yake ya kitawa.

Don hakuoa kamwe. Kila mwaka, Noeli na Pasaka, alisafiri kwenda kumwona monasterini, mpaka alipokufa mwaka 2011.